Cheti Namba Sitini na Moja

Mimi ndiye ninayeandika vyeti.
Miaka kumi na minane nilipima mkonge kwenye mizani, Pongwe,
na mwandiko wangu bado unasomeka.
Sasa kila Jumamosi nakaa kwenye meza yenye mguu mfupi
ndani ya machimbo ya chokaa yaliyoachwa.
Nyuma ya shabaha tumelaza tuta la udongo, kimo cha watu wawili,
maana jiwe hurudisha ulichokitupa.

Mkufunzi ni Nuruani Semkiwa.
Mfupi. Sauti yake haipandi.
Wanaokuja hudhani wataulizwa kulenga.
Yeye huwauliza swali moja kabla ya chai:
“Bunduki tupu ikoje?”
Wapo wanaosema, nyepesi.
Wapo wanaosema, ile iliyotolewa magazini.
Daktari mmoja wa meno kutoka Chumbageni alijibu: baridi.
“Haipo,” husema Nuruani. “Haijazaliwa. Kaa, tuanze.”

Akaja Bwana Shembilu, mwenye malori saba,
na vizibo vyake vya masikio, na haraka yake.
Risasi kumi, matundu kumi,
ungeyafunika yote kwa kisahani cha kahawa.
Sisi nyuma ya mstari mweupe tulinyanyuka.
Nilikuwa nimeshaandika “She”
Nuruani akaweka kidole juu ya karatasi.
“Futa.”

“Nilimwita jina. Aligeuka,
na mtutu ukamfuata kama ndama na mamaye.
Umepita kwenye goti lako, karani, ukapita kwenye birika.
Na kidole chake kilikuwa kimeshaingia ndani, kimelala.”

Bwana Shembilu alicheka kwanza. Kisha akauliza bei.
Kisha akamtaja mkubwa mmoja wa mkoani,
na wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.
Nuruani alimimina chai.
“Nao waje Jumamosi,” alisema. “Benchi lipo.”

Alirudi. Safari hiyo aliangushwa na miwani:
aliivua afute jasho, na jirani yake bado anapiga.
Akarudi tena, akaanguka tena, sikumbuki kwa nini.
Bintiye aliniambia, tulipokutana Ngamiani,
kuwa siku hizi baba hushika hata mwiko
kidole cha shahada kimenyooka pembeni.

Jumamosi ya nne ilikuwa na rasharasha.
Alipiga tatu. Ya nne ikiwa chembani,
kenge akatoka majanini
akapanda tuta kama mwenye hati ya kiwanja.
“Sitisha!” Bendera nyekundu juu.

Wote tulimtazama kenge.
Nuruani alitazama kidole.
Kidole kikatoka. Kikanyooka.
Magazini nje. Chemba wazi,
na ile ya nne ikaruka, ikaangukia kokoto, nzima, inang’aa.
Bunduki mezani, mdomo wake kwenye tuta.
Hatua mbili nyuma.

Tukamsubiri kenge. Hakuwa na haraka.
Alilamba hewa, akalala kidogo, akabadili mawazo.
Jasho lilimshuka Bwana Shembilu chini ya miwani
na hakuligusa.

“Andika,” alisema Nuruani.
“Hajamaliza,” nikasema. “Zimebaki saba.”
“Amemaliza.”

Nikaandika jina, tarehe, namba.
Pale penye neno “Alama” aliniambia nipaache wazi.
Muhuri ulikuwa umekauka upande mmoja,
ukatoa nusu mwezi.

Alikipokea kwa mikono miwili, mtu mzima yule,
kisha akainama kwenye kokoto, akaiokota ile ya nne,
akaipangusa kwa shati, akataka kuitia mfukoni.
“Hiyo ni ya daftari,” alisema Nuruani.

Akaniletea mwenyewe. Ilikuwa bado na joto la kiganja.
Nikaandika, nikahesabu mara mbili, kama enzi za mkonge:
zilizotoka, kumi;
zilizopigwa, tatu;
zilizorudi, saba.